Mapigo Themanini na Mawili

Cheka kwanza, maliza kabisa, halafu tuendelee. Sikulaumu. Chuoni kwetu mimi ndiye niliyeivalisha miwani ya jua na kofia ile mifupa ya plastiki ya maabara siku wakaguzi walipokuja, kwa hiyo nikianza kusimulia jambo la kutisha watu wanakaa tayari kwa utani wa mwisho. Hapa hakuna. Hili lilinitokea mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu zote, saa saba mchana, jua likiwa utosini. Nyie mmezoeshwa kwamba mizimu hutokea usiku, sivyo? Wangu alipanda kivuko pamoja na abiria wengine.

Ninasoma uuguzi, mwaka wa tatu, nina miaka kumi na tisa. Mwezi ule tulikuwa tunajiandaa na mahafali, ambayo chuoni kwetu hufanyika kabla ya mtihani wa mwisho. Nyumbani Kirumba mambo yalishapamba moto. Mama alishashonesha vitenge vya sare kwa ukoo mzima, mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba, na zahanati moja ya ng'ambo ya ziwa, Sengerema, ilikuwa imeniahidi kazi nikifaulu tu. Ningekuwa mtu wa kwanza wa ukoo wetu kuvaa nguo nyeupe bila kuwa kwenye kwaya.

Sasa tuje kwenye dhambi. Kazi kubwa ya mwanafunzi wodini ni kuzunguka kila baada ya saa nne, anapima joto, mapigo, pumzi na presha, anaandika kwenye karatasi ya mgonjwa. Mashine ni moja na kila ukiihitaji iko wodi nyingine, kwa hiyo mapigo unahesabu kwa vidole, dakika nzima, macho kwenye saa. Wagonjwa ishirini. Zidisha mwenyewe. Basi tunapika. Ndivyo tunavyoita. Unamwangalia mgonjwa kwa mbali, unaona anapumua, unamwandikia namba nzuri nzuri. Joto thelathini na sita nukta saba. Pumzi kumi na nane. Mapigo weka themanini na kitu, usiweke themanini kamili, sista atakushtukia. Mimi nilikuwa mpishi mkuu. Wenzangu walikuja kwangu kujifunza.

Alhamisi moja, saa nane mchana, nilikuwa napika huku nikibishana kwenye kundi la simu kuhusu rangi ya fulana za mahafali. Kitanda namba kumi na moja alilazwa bibi mmoja wa kutoka ng'ambo. Aliponiona naandika, akanyoosha mkono juu ya shuka.

"Mjukuu wangu, mimi hunishiki?"

"Bibi, wewe wa kushikwa? Hapo ulipo tukikupigia ngoma unacheza mpaka kesho!"

Wodi nzima ikacheka. Bibi naye akacheka, akaurudisha mkono wake taratibu. Nikamwandikia mapigo themanini na mawili.

Saa kumi na moja jioni alifariki.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Sista mkuu wa wodi aliisoma karatasi yangu, akatikisa kichwa. "Saa nane alikuwa vizuri kabisa. Ni mpango wa Mungu." Binti wa yule bibi, macho yamevimba, akanishika mabega yote mawili. "Asante nesi. Asante kwa kumwangalia mama yangu."

Nikamjibu, "Pole sana." Ningesema nini?

Siku tisa baadaye, Jumamosi, nilipanda kivuko cha Kamanga kumpelekea shangazi kadi yake ya mahafali. Tulikuwa tumeshaliacha jiji nyuma, bibi mmoja mwenye kanga kichwani akaja akakaa pembeni yangu. Nikamwamkia. "Marahaba, ng'wanawane," akajibu, kama Wasukuma wanavyomwita mtoto wao. Kisha akasema, "Nesi, nipime."

Sikuwa na sare. Nikadhani ameniona hospitali. "Bibi, leo Jumamosi, nesi amefunga duka."

Hakucheka. Akanyoosha mkono.

Niamini hapa, tafadhali: sikumtambua. Ningemtambuaje? Nilimjua kwa namba ya kitanda, sura yake sikuwahi kuiangalia. Nikamshika ili yaishe. Vidole vitatu, chini ya kidole gumba, kama tulivyofundishwa. Kimya. Nikasogeza. Kimya. Nikakandamiza. Jua lote lile, na ngozi yake ilikuwa baridi kama sakafu ya wodi alfajiri. Ndipo nikaiona plasta ya dripu nyuma ya kiganja chake, imeandikwa kwa kalamu ya bluu: K. 11.

"Umepata ngapi?" akauliza.

Nikauachia mkono wake.

"Sina ugomvi na wewe, mjukuu," akasema, sauti ya mtu aliyechoka kupanga foleni. "Nilifika kule, wakanirudisha. Wanasema karatasi yangu inasema mzima. Mapigo themanini na mawili, mzima kabisa, umefuata nini huku? Nikaenda nyumbani. Msiba umeshakwisha, maturubai yameshakunjwa, naita hakuna anayeniitikia. Sasa nipime, uandike ulichokipata."

Nilikuwa na kadi ya shangazi tu. Nikaigeuza nyuma. Nikaushika tena ule mkono, nikatazama saa ya simu, nikahesabu dakika nzima, mpaka sekunde ya mwisho. Katika miaka yangu mitatu ya uuguzi sidhani kama nilikuwa nimewahi kumpa mgonjwa dakika kamili. Nikaandika: mapigo, sifuri.

Akasoma, akaitikia kwa kichwa. Halafu akasema, bila ukali wowote, "Siku ile ungenishika, ningekwambia kifua kilivyokuwa kinanibana."

"We binti!" Baba mmoja mwenye tenga la nyanya aliniita kutoka benchi la mbele. "Ndiyo nini hicho, unaupima upepo presha?"

Watu wakaangua kicheko. Nikageuka. Pembeni yangu palikuwa na benchi tu. Mkono wangu bado ulikuwa umejikunja, umeshika hewa.

Jumatatu nilimfuata sista mkuu, nikamwambia ukweli. Siyo wa kivukoni, ule wa wodini. Akainuka akafunga mlango.

"Kuna mtu amekuuliza?"

"Hapana, sista."

"Bibi ameshazikwa. Wewe una mahafali wiki hii. Usituletee kesi, mdogo wangu."

Nikafungua mlango, nikatoka. Ningeweza kwenda kwa mwingine, sikwenda. Nilikuwa nalitaka lile joho.

Mahafali yakafika. Tukawasha mishumaa, tukala kiapo cha uuguzi, sauti yangu ikiwa juu kuliko za wote. Mama akaja na vigelegele, akanivisha taji la maua, akanivuta mkono tucheze. Vidole vyangu vikaangukia kwenye kifundo cha mkono wake. Kimya. Mama yangu anacheza, anatoka jasho, anacheka, na ndani ya mkono wake hakuna kitu. Nikajishika mwenyewe. Kimya.

Tangu siku ya kivuko vidole hivi havijasikia mapigo ya mtu yeyote. Wodini naivizia ile mashine, nikiikosa naweka sikio kifuani mwa mgonjwa. Wenzangu wanadhani ni kichekesho changu kipya.

Mwezi ujao ni mtihani wa vitendo. Mtahini hushika mkono mmoja wa mgonjwa, wewe unashika mwingine, mnahesabu pamoja, kisha anakuuliza umepata ngapi. Nikisema ninachokisikia, nimefeli, na ile zahanati inachukua mtu mwingine. Nikipika nikabahatisha, nimefaulu. Umeona nilipowekwa?

Wewe uliye na kalamu wodini, na hasa wewe unayewachekesha wagonjwa ukidhani hiyo ndiyo huduma, nakuomba. Mtu akikunyooshea mkono, ushike. Hesabu dakika yote, simu na iite. Wala usijidanganye kwamba ile karatasi inaishia kwenye faili la hospitali. Kule wanaisoma.