Mabati ya Shomari

Mvua ya Uluguru haikurupuki. Kwanza unaisikia mbali, huko juu, ikishuka kwenye migomba, kisha inafika kwenye mifenesi, na mara iko juu ya kichwa chako inagonga bati mpaka humsikii aliyeketi ubavuni kwako. Utotoni mwangu sauti hiyo ilikuwa na jina la mtu. Bibi yangu, mzaa mama, ndiye aliyenilea katika kitongoji chetu juu ya Mkuyuni, wakati mama akiuza nyanya na vitunguu mjini Morogoro. Kila mvua iliponyesha, bibi aliacha alichokuwa akikifanya, akainua uso na kusema, "Sikia mabati ya Shomari yanavyoongea." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja majirani. Kwa muda mrefu niliamini kwamba mabati yote duniani ni ya huyo Shomari, na nilimwona kuwa ni mtu mkubwa sana.

Shomari mwenyewe alikuwa mwenye duka pale Mkuyuni, mtu wa makamo, mwenye tumbo lililomtangulia na kofia iliyokaa upande. Nyumba yetu zamani ilikuwa ya nyasi. Nyasi zilipooza, masika moja ilitukuta tukihamisha kitanda kutoka pembe hii hadi ile, na hakuna pembe iliyokuwa kavu. Shomari akasikia, akapandisha mabati na misumari kwa vijana wake, akamwambia bibi atalipa akipata. Baadaye juu ya mabati ikaongezeka sukari, ikaongezeka sabuni na mafuta ya taa, na bibi hakupata. Jambo la kuongezea ni kwamba Shomari alikuwa mtani wetu. Kwetu Waluguru koo zina watani wao, na ukoo wake na wetu umetaniana tangu wazee wa wazee wetu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, na wewe huna ruhusa ya kununa. Msibani ndiye anayezuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, ndiye anayeiga mwendo wa marehemu na kukoroma kwake, mpaka wafiwa wanajikuta wanacheka na machozi yanawatoka. Halafu huyo huyo anavua shati na kwenda kuchimba kaburi.

Mwaka ninaousimulia, akafariki jirani yetu mmoja, mtu mwema aliyependa kuwapa watoto miwa. Kabla jeneza halijainuliwa, ndugu yake alisimama uani akauliza kama ilivyo desturi: kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze, familia italibeba deni lake. Mtu mmoja akanyoosha mkono, halafu mwingine. Mjane aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Watu walikuwa wanatazama chini kwa aibu, na kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya mtani, Shomari akaona awachangamshe. Akamgeukia bibi yangu akasema kwa sauti, "Kizee, na wewe zamu yako ikifika nitasimama hapa hapa. Nitang'oa mabati yangu nikuzike nayo, sanda ya nini!" Watu wakaangua kicheko. Bibi naye akacheka, akamjibu papo hapo kwamba kwa tumbo lile atatangulia yeye, na kaburi lake itabidi lichimbwe na kijiji kizima. Walivunjana mbavu pale. Lakini njiani kurudi nyumbani, nilipomshika bibi mkono niliona vidole vyake ni vya baridi.

Jioni ile alipika magimbi, akanipa, yeye hakula. Alipenda kuniita mke mwenzake, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Mke mwenzangu," akaniambia, "kufa sikuogopi. Naogopa lile swali." Nikamwambia Mzee Shomari alikuwa anatania tu. Akasema anajua, ndiyo maana hakuweza kukasirika, na kwa sababu hakuweza kukasirika, maneno yamekwama kooni. Ingekuwa mtu mwingine angemjibu yakaisha. Sasa hakujua kama Shomari alitania tu, au alipenyeza ukweli katika utani, na mtani huwezi kumuuliza. Nadhani ni sisi tu tunaoweza kuingia katika shida ya namna hiyo. Nilikuwa mdogo, lakini nililielewa jambo moja vizuri: bibi yangu aliona aibu, na yule mjane aliyeinamisha kichwa, katika mawazo yake, alikuwa mama yangu.

Kuhusu umri wake, bibi hakuujua, na wala haukuwahi kumsumbua. Alijua alizaliwa wakati wa kupalilia mpunga, basi. Lakini zahanati walikuwa wamempa kadi, na nesi aliyeijaza, kwa kukadiria na kwa kumtazama usoni, alimwandikia kwamba mwezi wa saba atatimiza miaka sabini. Bibi aliichukulia hiyo kama amri ya serikali. "Kama wao wanasema sabini, basi ni sabini," alisema, na akaapa kwamba hataingia katika sabini yake akiwa na deni la mtu. Tena akaongeza kwamba deni likiisha ataweka akiba ya sanda yake na ya chakula cha siku hiyo, ili mama yangu asikimbizane na watu. Akamwagiza fundi kibubu cha mbao, akakipeleka chini ya kitanda kama mtu anayelaza mtoto.

Tukajifunga kibwebwe. Sukari ilikuwa ya kwanza kuondoka nyumbani. Tulikunywa chai ya mchaichai huku tukitafuna muwa, unauma muwa kisha unafuatisha chai, na bibi akadai kwamba hivyo ndivyo wafalme wanavyokunywa. Taa ilizimwa mapema, tukawa tunapiga soga gizani. Ndizi zote nzuri zilishuka sokoni Mkuyuni kichwani kwake, na sisi tukala zile zilizochubuka, ambazo kusema kweli ndizo tamu. Sikumbuki kuona dhiki. Nakumbuka kwamba kila alipotoka sokoni alinipa mimi noti niitumbukize kwenye kibubu, ananitazama nikiisukuma ndani, na uso wake unakuwa wa msichana. Hata leo nikiona noti iliyokunjwa ndogo ndogo, namkumbuka yeye, na moyo wangu unalainika.

Lakini tegemeo letu lilikuwa pilipili manga. Ilipanda kwenye mifenesi nyuma ya nyumba, kamba nene zilizokumbatia mashina mpaka huoni gome, na mwaka ule ilizaa kama haijawahi. Tuliichuma ilipoanza kuwa nyekundu, tukaipukuchua kwa mikono, tukaianika uani juu ya mikeka. Inahitaji jua kali la siku kadhaa mpaka ijikunje na kuwa nyeusi. Ikipata unyevu inaota ukungu, na wanunuzi wa kutoka mjini hawana huruma: mtu anatia punje moja mdomoni, akiivunja kwa jino na isipolia, anakurudishia gunia lako. Na upande wetu wa mlima mvua haina kalenda. Masika ilikuwa imekwisha, watu wa mjini walikuwa wanalalamikia vumbi, sisi mawingu yakaja kukaa mlangoni. Asubuhi manyunyu, mchana ukungu, jioni mvua yenyewe. Tulikuwa tunakimbiza mikeka ndani na nje mpaka miguu ikaniuma. Siku ya tatu au ya nne, bibi alishika konzi ya pilipili, akainusa, akaketi kizingitini akalia. Hakulia kwa sauti. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kuona mabega yake yanatikisika.

Nilikwenda kujificha darini, juu ya ile dari ya miti tulikohifadhi mbegu, kwa sababu sikujua la kufanya. Mawingu yalipasuka kidogo, jua likapiga, na kule juu, chini ya bati, joto likawa la kutoa jasho. Nikamwita. Bibi akapanda ngazi polepole, akaingiza kichwa, akakaa hivyo, kichwa kikiwa darini na mwili ukiwa chini, kwa muda mrefu. Kisha akaanza kucheka. "Shomari mjinga," akasema, "kumbe alinikopesha na jua!" Siku ile ile tuliipandisha pilipili yote. Ilipojaa darini, iliyobaki ikalala kitandani na sisi tukalala sakafuni. Moshi ungeiharibu, kwa hiyo tulipika nje, mimi nikimshikia mwavuli, yeye akikoroga ugali na kuitukana mvua. Nyumba nzima iliwasha. Tulipiga chafya tukila, tukapiga chafya tukisali, akija mgeni anabisha hodi na chafya yake mkononi. Lakini kila jua lilipochungulia japo kidogo, bati lilishika joto na kulishusha juu ya pilipili, na taratibu ikajikunja, ikawa nyeusi, na ukiitikisa ikawa inalia kama kokoto.

Mnunuzi alivunja punje moja, akavunja ya pili, akaita mizani. Siku iliyoandikwa kwenye kadi ya zahanati, bibi alioga, akavaa kanga mpya ambazo hazijafuliwa bado, tukashuka Mkuyuni. Ilikuwa siku ya gulio. Alikataa kuingia ndani ya duka. Alisimama barazani watu wakipita, kwa sababu aliambiwa mbele ya watu na alitaka kujibu mbele ya watu. "Shomari, toka!" akaita. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee Shomari," akaitika marahaba bila kunitazama, kwani alikuwa anatazama lile fundo la kanga lililofunguliwa mbele yake. Bibi akamhesabia mpaka ya mwisho, ya mabati, ya misumari, ya sabuni. Tumbo la Shomari likatulia kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akasema kwa sauti ndogo, ambayo si ya utani, "Mama, kwani nilikudai? Mimi nilikuwa natania." Bibi akamjibu, "Najua. Lakini mvua ilikuwa hainitanii."

Kisha Shomari akakumbuka yeye ni nani. Akapaza sauti kwamba kizee kimemwonea, kimelipa deni lote, sasa siku ya mazishi yake yeye mtani atadai nini? Atasimama mbele za watu aseme nini? Watu wakacheka. Bibi akamchotea pilipili manga iliyobaki kwenye pindo, akamjaza mkononi na kusema, "Siku hiyo utakosa la kusema, Shomari. Utakaa chini ulie kama wenzako." Tukanunua sukari, kwa fedha taslimu, tukapanda mlima. Hakukuwa na keki wala wimbo. Tulikunywa chai tamu kupita kiasi, na jioni mvua iliponyesha akainua uso, akasikiliza, asiseme kitu.

Mimi sasa naishi Mazimbu, pale mjini Morogoro, nafanya kazi ofisini, na mwaka huu nimetimiza thelathini. Nyumba yangu ya kupanga ina dari nyeupe, mvua ikinyesha siisikii. Nilikuwa na madeni yangu pia, yale ya kwenye simu, unabonyeza fedha inaingia, na hakuna anayekuuliza mama yako hajambo. Masika iliyopita bibi alifariki, mzee sana, usingizini, kitandani pale pale pilipili ilipolala. Kibubu kilitosha sanda na mchele, mama hakukimbizana na mtu. Nilikuwa ndani na wanawake, karibu na dirisha, mjomba aliposimama uani akauliza swali lile. Kama yupo anayemdai. Kabla mtu hajajibu, simu ikatetema mkononi mwangu: deni lako limechelewa, tutawajulisha watu wako. Niliifunika kwa kanga kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi. Nikawaza kwamba huyu anayenidai hanijui, hatakuja kunizika, na hajui hata kunitukana. Nimekwisha kulilipa sasa, kabla ya hiyo thelathini, na chini ya kitanda changu kipo kibubu.

Lakini siku ile, watu wote walikuwa wamegeuka kumtazama Shomari. Alikuwa amezeeka, tumbo limekwisha, anashika fimbo. Alisimama. Wanawake ndani tukasogea dirishani, wengine wameshaanza kutabasamu, tukingoja aseme lake. Alifungua mdomo. Alitazama jeneza, akatazama paa la nyumba yetu, akafunga mdomo, akaufungua tena. Kisha akakaa chini, akaweka fimbo pembeni, akalia kama wenzake.

Waliporudi kutoka kuzika, mvua ikaanza kule juu, ikashuka kwenye migomba, ikapita kwenye mifenesi, ikatufikia. Hatukusikilizana tena mle ndani. Mama akainua uso, machozi yakimtiririka, akanisogelea sikioni.

"Sikia," akasema, "mabati ya mama yanavyoongea."