Yasin ya Mbio Chini ya Maji

Mwaniandama tangu mfungo uishe niwaandikie habari za Kamaludin wa Kuze, kama kwamba karani ni mimi. Kalamu niliijua kwa kuibia, kwa kuchungulia kaka zangu wakiandika. Haya, someni, na herufi zikipinda msinicheke.

Kamaludin alikuwa mzamiaji wakati wa vita vya Hitila, Kilindini ilipojaa manowari na vyombo vilivyozama. Si kuzamia kwa pumzi. Alivishwa vazi la mpira, viatu vizito vya madini ya risasi na kofia ya shaba kubwa kama sufuria ya pilau ya arusi, na juu kwenye tishari, ile mashua bapa ya mizigo, watu wakampampia hewa kwa mpira mrefu. Kazi ilipozidi akapewa vijana awafundishe, na hapo ndipo mvi zilipomwanza.

Kushuka walijua siku ile ile. Kupanda ndiko kulikomtoa roho. Aliwaeleza kwamba kule chini hewa hukandamizwa ikaingia damuni, na mtu akipanda kwa pupa hutoka povu viungoni, akapooza au akafa. Aliwafungulia chupa ya soda ya gololi wajionee wenyewe. Soda ikamrukia kanzu yote, wao wakacheka na kuomba iliyobaki.

Basi kamba ya kupandia ikatiwa mafundo. Ukifika kwenye fundo, shika, tulia, ndipo upande tena. Lakini wale walilishika kama mtu aliyeshika sufuria iliyotoka jikoni. Mmoja alikuwa na njaa, mwengine amechoka, Kaingu wa Rabai baridi imemwingia mbavuni. Akiwagombeza, wote jibu ni lile lile: mbona hawakuhisi kitu?

Saa ilikuwa juu, chini hakuna anayeiona. Kamaludin akaonelea awape kipimo wanachokijua. Kila fundo wasome Yasin nzima, na Kaingu, maadamu ni Mkristo, asome sala zake za kanisani mpaka zimwishe, kisha aanze upya.

Kosa likaingia hapo, kwa mlango wa Sheikhan. Huyu alikuwa kijana wa Kibokoni, Kurani yote i kifuani mwake, na mwezi wa Ramadhani ndiye aliyesalisha tarawehe. Watu wa Kuze waliacha misikiti yao wakamfuata yeye, maana alisoma kama anayefukuzwa na mvua, ukirudi nyumbani wakuta chai yako ingali moto. Kamaludin naye alikuwa akisali nyuma yake na kumsifu. Siku ya kutoa kipimo, hilo halikumjia kichwani kabisa.

Alasiri moja Sheikhan akaibuka, ati mafundo yote ameyamaliza. Kamaludin akaitazama saa, akamtazama yeye, akamwuliza amesoma nini.

"Yasin, mwalimu. Na sikuacha hata herufi."

Wenzake wakaangua kicheko. Hakijaisha, Sheikhan akaanza kujisugua goti. Kisha akasema miguu haihisi, akaanguka juu ya kamba, usoni amekuwa kama jivu.

Dawa ilikuwa moja tu: arudishwe chini alikotoka, apandishwe upya kama ipasavyo. Sheikhan akalia hataki. Mkewe, Mwanakuu, yuna mimba, naye akifa humo majini mtoto atalelewa na nani? Kamaludin akamwambia kwamba akibaki juu, mtoto atajifunza kutambaa pamoja na babake. Alikuwa amekasirika hata vifungo vya vazi vilimshinda, akafungwa na Kaingu. Wakashuka wote wawili, mkanda kwa mkanda.

Kila fundo Kamaludin aligusanisha kofia yake na ya Sheikhan, shaba kwa shaba, ndivyo sauti hupita. Akasoma yeye, Sheikhan akafuata, na alipokimbia alirudishwa mwanzo.

"Mwalimu, aya hii tumeshaisoma."

"Tutaisoma tena."

"Magharibi itatupita."

"Itupite, tutaikidhi. Miguu utaikidhi na nini?"

Huko juu Kaingu alikamata pampu akakataa kupokewa, mpaka viganja vikamchunika. Walipotoka, Sheikhan alisimama mwenyewe pale kwenye tishari. Mguu mmoja ulimtii, mwengine aliuburura, na hivyo ndivyo alivyotembea maisha yake yote. Mwanakuu alizaa, na mtoto alibebwa na babake. Kamaludin hakumpa mtu kipimo tena. Alishika saa akavuta kamba mwenyewe kutoka juu, ishara ya kupanda, na aliyeachia fundo kabla ya kuvutiwa alikwangua chaza walioganda kwenye tishari mpaka mfungo mwengine.

Sasa wajukuu wa Sheikhan huko Kibokoni wanawaambia watu babu yao alipigwa risasi ya mguu na Mtaliani. Mtaliani gani? Mtaliani hata hakupata kumwona. Mimi nimeandika, mkono waniuma. Wewe uliyesoma, ondoka hapo ulipokaa, nenda barazani kwao uwasomee haya wote wakiwapo, kisha njoo unambie nyuso zao zimekuwaje.