Ndala za Nahodha

Pale gatini kila mtu alimwita Mama Kapu, na yeye aliitika. Kazi yake ilikuwa kupanga safari za boti kwa watu wanaotaka boti yao peke yao: walale usiku mmoja visiwani, wachungulie matumbawe na samaki wa rangi, kesho yake warudi wameungua migongo na kucheka hovyo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye feni inayolalamika kama mgonjwa, friji ya kugandishia chupa za maji, na ukuta uliojaa misumari ya kutundikia miwani ya kuogelea na mirija yake ya kupumulia. Mlangoni lilikaa kapu.

Kapu lile lilikuwa na sheria yake. Hakuna aliyepanda boti na viatu. Mkubwa kwa mdogo, tajiri kwa mpishi, walivua pale mlangoni wakatia kapuni. Wageni walidhani ni usafi wa boti. Haukuwa usafi. Boti ikirudi kila mtu alichukua vyake, na kapu lilipobaki tupu Mama Kapu alisema, "Mungu, nimekuona," akafunga ofisi akaenda kupika.

"Mdomo utasema wote wapo," alizoea kusema, "lakini viatu havina mdomo."

Sheria hiyo aliiweka yeye na mumewe, nahodha, tangu boti yao ilipokuwa na injini moja ya kubembeleza. Na kuna siku, miaka iliyopita, kapu halikubaki tupu. Zilibaki ndala za nahodha mwenyewe: za bluu, kisigino kimelika upande mmoja kwa sababu ya mwendo wake wa kuyumba, na mkanda wa mguu wa kulia ulikuwa umeshakatika akaufunga kwa mshipi wa kuvulia. Mgeni mmoja alichukuliwa na mkondo nje ya matumbawe kwenye kisiwa cha pili. Nahodha alijitosa kumfuata. Mgeni alirudi. Nahodha hakurudi, wala mwili wake haukuonekana. Walimsalia bila jeneza.

Mtu asiye na kaburi la kupalilia atafanya nini? Mama Kapu alizitia zile ndala kwenye kikapu kidogo, akakitundika juu ya dirisha la ofisi. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango alisimama chini yake akamwombea mumewe. Wengine huenda makaburini kwa miguu. Yeye aliinua uso tu.

Boti ilibaki ikisimamiwa na mdogo wa marehemu, shemeji yake, kijana mwenye maneno matamu ambaye gati zima lilimwita Asali. Yeye ndiye aliyewaongoza wageni majini na kuwachekesha. Mama Kapu alipanga, Asali akaongoza, na mzee mmoja mkimya akashika usukani. Kazi ilikwenda.

Mchana mmoja wa joto waliingia daktari wa meno na mkewe. Walitaka boti peke yao, wao na wazazi wa mke. Mama Kapu aliwakaribisha viti, akatandaza vifuniko vya soda mezani.

"Hiki ndicho kisiwa cha kwanza," akasema akisukuma kifuniko. "Mtakifikia maji yamejaa, kwa hiyo mtaogelea juu ya matumbawe bila kuyakanyaga. Wazee watakaa kwenye kivuli cha boti, nitawapa maboya waelee tu. Jioni mtasogea hapa, kwenye fungu la mchanga, mlale kwenye mahema. Boti itatia nanga upande huu usio na wimbi. Asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, kisiwa cha pili."

Alipogusa kifuniko cha kisiwa cha pili mkono wake ulikawia kidogo, kama kawaida yake. Kisha akainuka akachukua miwani ukutani.

"Daktari, bandika usoni bila kufunga mkanda. Vuta pumzi kwa pua."

Daktari akavuta. Miwani ikamwangukia mapajani. Akajaribu ya pili, ikaanguka. Ya tatu pia.

"Miwani yenu mibovu, mama."

"Miwani mizima. Ni huo mustachi. Maji yataingia kama mlango wazi."

Mkewe alicheka mpaka akashika meza. "Nimemwambia tangu siku ya harusi, hanisikii! Leo kasikia kwa mwenye boti."

"Sinyoi," daktari akasema akiushika mustachi kama mtu anayelinda mtoto.

"Hunyoi, basi utapaka mafuta ya mgando hapa juu ya mdomo, mengi, mpaka ufanane na chapati."

Wakacheka wote. Safari nzuri huanzia hapo, mezani, watu wanapoanza kutaniana. Mama Kapu alikuwa anachagua jaketi za kuokolea za wale wazee mke wa daktari aliposema, "Na ile hadithi tutaipata usiku huo? Maana mimi hasa hiyo ndiyo iliyonileta."

"Hadithi gani, dada?"

"Ya nahodha wa mzimu." Akatoa simu yake, akaisogeza mezani kati ya vifuniko.

Kwenye kioo cha simu alikuwapo Asali, ameketi mchangani na taa ya mafuta mbele yake. Sauti yake ilikuwa ile ya kuuzia. Alisema palikuwa na nahodha mmoja aliyemwona mwanamke juu ya maji, anachana nywele zake, akaacha boti na mke na watoto akamfuata. Tangu hapo, kila mwezi unapopevuka, nahodha hutoka baharini kutafuta alichosahau. Kisha Asali akainua mbele ya taa jozi ya ndala za bluu. Zilikuwa zimepakwa tope na kuviringishiwa mwani. Mkanda wa mguu wa kulia ulining'inia.

Mama Kapu alivuta stuli, akapanda, akaingiza mkono kwenye kikapu cha juu ya dirisha. Vidole vyake vilikuta ukili mtupu.

Asubuhi ile ile alikuwa amesimama chini yake akaomba. Ni asubuhi ngapi alikuwa akiombea kikapu kitupu? Aliteremka kwenye stuli taratibu sana, jinsi mtu anavyoteremka akiwa amebeba kitu cha moto.

Hata shetani hukawia, lakini Asali hakukawia. Aliingia wakati huo huo akipiga mluzi, begi begani.

"Aa, wageni wangu! Shemeji ameshawanyoa?"

"Weka begi mezani," Mama Kapu akasema.

"Kuna nini?"

"Weka."

Aliliweka. Mama Kapu alilifungua mwenyewe. Ndala zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya taa. Alizitoa akazigeuza. Tope lilikuwa limekauka kwenye alama ya kidole gumba cha marehemu. Ule mshipi ulikuwa umekatwa. Fundo alilolifunga mumewe kwa meno na vidole vyake halikuwapo tena.

"Nani kakata?"

"Shemeji, ilikuwa inaonekana kama ndala ya juzi tu. Watu wanapenda kitu kiwe cha kale. Ni biashara. Tangu nianze kuitoa ile hadithi hatujakosa..."

"Nimekuuliza nani kakata."

"Mimi."

Daktari aliinuka akamgusa mkewe bega. "Mama, sisi tutarudi wakati mwingine."

"Keti, Daktari," Mama Kapu akasema bila kumtazama. "Mmefuata hadithi. Mtaisikia, na mtaisikia mchana." Kisha akamgeukia Asali, na sauti aliyokuwa ameibana ikamtoka yote. "Mume wangu alifuata mwanamke anayechana nywele? Alifuata mtu anayezama! Mtu na familia yake yuko hai leo, anakula, analala, kwa sababu ya kaka yako! Na wewe unakaa mchangani unamfanya mhuni wa majini ili watu wapige makofi? Kaka yako alikulea! Suruali yako ya kwanza ya shule nimeipindia mimi pindo! Huna haya? Mbele ya Mungu, huna haya?"

"Shemeji, ni mchezo tu."

"Wa nani? Mbona hukucheza na ndala za baba yako? Ungetaka mzimu, ungetunga wako, dunia ina uongo mwingi. Kwa nini huyu?"

Asali alivikodolea macho vifuniko vya soda. Feni ililalamika.

Hapo ndipo Mama Kapu alipoona kitu ambacho hasira yenyewe ilikuwa ikimzuia kukiona. Katika hadithi ile nahodha aliondoka mwenyewe. Hapakuwa na mtu mwingine botini; Asali alikuwa amejitoa.

"Siku ile," akasema polepole, "wewe ndiye uliyekuwa kwenye usukani. Ulituambia alizama hamkumwona tena. Niambie upya."

"Shemeji, wageni..."

"Niambie."

Asali alikaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani, chini ya miwani yote ile. Alizungumza akitazama miguu yake.

"Yule mgeni aliifikia kamba, tukamvuta. Wimbi lilikuwa linatusukuma kwenye matumbawe, watu wanalia, mimi sijawahi kushika usukani kwenye maji kama yale. Nikamwona kaka. Nilimwona. Alikuwa nje, mbali, ameinua mkono. Nikasema nikimfuata nitawavunja wote. Nikageuza boti. Nilipotazama tena, hakuna mkono."

"Mkono alikuwa anauinua vipi? Alikuwa anakuita, au anakuambia uende?"

"Sijui," Asali akasema, na uso wake ukavunjika. "Sijui, shemeji. Ndilo sijui mpaka leo."

Mke wa daktari alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Aliichukua simu yake mezani, akaizima.

Mama Kapu alitaka kupiga. Mkono wake wenyewe ulijikunja. Miaka yote ile alikuwa amekula meza moja na mtu huyu, wakainamisha vichwa pamoja kumwombea marehemu, naye amenyamaza na mkono ule kifuani mwake. Alimwomba Mungu amshike ulimi, na Mungu alimshika nusu.

"Toka mbele yangu," akasema. "Futa huo uchafu wako kwenye simu, ufute kila ulipoutia. Na safari ya Daktari, ikiwa bado anaitaka, itakwenda. Nitawaongoza mimi."

"Wewe? Shemeji, hujapanda boti tangu..."

"Najua tangu lini. Wewe utabaki hapa na kapu. Nimesubiri vya kutosha. Sasa subiri wewe."

Daktari na mkewe waliitaka. Siku ya safari walikuja na wazee wao, kimya kidogo, kama watu waliofika matangani. Kila mmoja akavua viatu. Mama Kapu alivua vyake vya ngozi nyeusi akavitia kapuni, na juu yake akaziweka ndala za bluu, na tope lake, kama zilivyokuwa. Kapu akamkabidhi Asali mikononi. Yule mzee wa usukani, ambaye huzungumza kwa nadra kama mvua ya kiangazi, alimtazama akipanda ubavu wa boti akasema, "Karibu nyumbani, Mama Kapu."

Siku ya kwanza ilikwenda. Daktari, aking'aa mafuta juu ya mdomo, alimwona kasa akasahau kupumua kwa mrija akanywa bahari. Baba mkwe akasema ndio malipo ya kung'oa meno ya watu. Hata Mama Kapu alicheka, kisha akajishangaa.

Asubuhi ya pili, kwenye kisiwa cha pili, mahali penyewe, aliwaacha wageni upande wa utulivu pamoja na yule mzee. Alivaa miwani, akaelea juu ya matumbawe hadi ukingo unapokatika na maji kugeuka meusi. Aliyaona matumbawe yale kwa karibu: makali, yamesimama kama meno, na pengo kati yake halizidi upana wa mlango. Alikaa pale akipumua kwa mrija, sauti ya pumzi yake masikioni, akasali bila maneno, maana mdomo ulikuwa umejaa. Kisha akageuka, kwa sababu mkondo ulishaanza kumvuta miguu na yeye alikuwa na watu wa kurudisha.

Walipofika gatini jioni, Asali alikuwa ameketi kizingitini, kapu magotini. Nguo zake ni zile zile za jana. Kabla kamba haijafungwa alishasimama, midomo ikihesabu vichwa. Aliwagawia viatu mmoja mmoja, na kila mgeni alipochukua vyake, mabega yake yalishuka kidogo. Vyeusi vya shemeji yake alivishika kwa mikono miwili akainama kuvitoa.

Chini ya kapu zilibaki ndala. Zilikuwa zimeoshwa.

"Fundo sijalifunga upya," akasema. "Sikuthubutu, shemeji."

Mama Kapu alivaa viatu. Chumvi ilikuwa imemkaukia usoni.

"Boti isingepita pale," akasema. "Nimepaona. Ungemfuata mngekufa wote."

Asali aliinua kichwa kama mtu aliyefunguliwa mlango.

"Usinishukuru," akamkata. "Hasira yangu si ya boti. Ni ya mdomo wako. Ungeniambia siku ile ile, ningelia nikamaliza. Umenifanya nilie miaka nisijue ninacholilia." Akanyoosha mkono. "Lete."

Aliingia ofisini na ndala, akafungua droo ya vifaa vya kuvulia akakata kipande cha mshipi. Aliupitisha kwenye tundu la mkanda, akavuta kwa meno. Lilikuwa fundo baya, la mkono usiozoea, lisilofanana hata kidogo na lile la kwanza. Akapanda stuli akazirudisha mahali pake.

Asali alikuwa bado amesimama mlangoni, miguu mitupu, hajui aingie au aende zake.

"Kesho kutwa kuna wageni," Mama Kapu akasema huku akizima feni. "Utawaongoza majini. Usiku wakitaka hadithi, utawaambia nahodha wa boti hii alikuwa nani na alimfuata nani. Huwezi, nyamaza."

Kisha akaliinamia kapu kubwa, akalitazama hadi chini, akasema maneno yake kwa Mungu, akafunga mlango.