Aliiba Pombe, Akaacha Mpira

Roselyn aliniibia jerikeni ya pombe mchana kweupe. Nilipojua, nilicheka hadi machozi yakanitoka.

Subiri, utanielewa.

Naitwa Nyaluak. Nililelewa Nakuru, nikarudi Juba nikiwa mtu mzima, na kupika pombe sikuwahi kufundishwa na mtu. Nilijifunzia hapa mtaani Hai Mauna, kwenye chumba ninachoishi na huyo Roselyn.

Pombe ya kwanza niliijaza jerikeni hadi shingoni. Na joto hili la Juba! Nilirudi kutoka sokoni nikakuta povu limepanda, limemwagika, limelowesha godoro langu lote.

Roselyn hakunisaidia hata kupanguza. Alitoa simu, akanirekodi nikilia, akairusha video kwenye grupu la akina mama wa kanisa.

"Pombe imemkimbia binti wa Nakuru!" akaandika.

Nilimeza hasira. Lakini sikusahau, wallahi.

Mara ya pili nikawa mjanja. Niliacha nafasi kubwa juu. Nikafunika jerikeni kwa gunia bichi ili ipoe. Kifuniko nikakitoboa tundu, nikapitisha mpira mwembamba, ncha ya pili nikaizamisha kwenye chupa ya maji. Hewa ikawa inatoka taratibu, blu-blu-blu, na povu limetulia.

Hiyo ilikuwa ya kumwonjesha Shangazi Adeng wa mtaa wa Malakia. Mwanawe anaoa, na yeye ndiye anayechagua mpishi wa pombe ya harusi. Ukiipata kazi hiyo, jina lako linajulikana Juba nzima.

Jumapili natoka kanisani, jerikeni haipo. Mpira uko sakafuni, chupa ya maji imeangushwa.

Getini nikamkuta Waiswa, Mganda wetu wa boda.

"Roselyn mimi nimetoka peleka yeye Malakia sasa hivi, na jerikeni," akasema. "Kifuniko iko na tundu, pombe inamwagika. Sasa yeye naweka nailoni chini ya kifuniko, nafunga na nguvu. Lakini njiani jerikeni inavimba tumbo! Mimi naogopa!"

Hapo ndipo nilipocheka. Sisi huku kitu kikivuja tunakiwekea nailoni. Mafuta, maziwa, maji. Lakini pombe inayochacha? Juani, juu ya boda, barabara yenyewe mashimo matupu?

Ningeweza kumpigia simu. Nimpigie nimwambie nini? Niliukunja mpira nikautia kwenye mkoba.

"Waiswa, nipeleke na mimi. Polepole, sina haraka."

Nilimkuta Roselyn kwa Shangazi Adeng, katikati ya akina mama, na gauni lake jeupe la kanisa, anaisifu mikono yake. Aliponiona akashtuka. Akakishika kifuniko haraka, akazungusha.

PUUU!

Povu likampiga usoni, likashuka kwenye gauni, likaruka hadi ukutani. Moyo wangu ukatulia kabisa.

Shangazi Adeng akajipangusa shavu kwa kidole, akalamba.

"Kwes! Tamu hii. Nani amepika?"

"Mimi, Shangazi," Roselyn akajibu, macho hayafunguki.

"Na hili tundu kwenye kifuniko?"

"Panya, Shangazi."

"Panya wa Mauna wanatoboa duara?"

Nikatoa mpira mkobani. Nikaokota kifuniko, nikang'oa nailoni, nikaupitisha. Ukaingia sawasawa. Wanasema za mwizi ni arobaini, lakini za huyu hazikufika hata tano.

"Kalas, imetosha," akasema Shangazi Adeng. "Nyaluak, kazi ni yako. Lakini pombe ya harusi ni nyingi, tafuta wa kukusaidia."

"Nimeshampata," nikasema, nikamnyooshea Roselyn kidole.

Akina mama wakanipigia vigelegele kwa huruma yangu. Huruma gani! Mbele ya macho yote yale, Roselyn angekataaje?

Sasa kila asubuhi yeye anapanguza povu na kuosha mipira. Mimi nimesimama mlangoni na simu, narekodi. Grupu la akina mama linafurahi sana.

Watu husema hasira ukiifungia ndani itakupasua. Ni kweli. Ndiyo maana yangu naitoa kidogo kidogo, kila asubuhi.

Na wewe unayesoma, ukiiba pombe ya mtu, iba na mpira wake.