Mama Hapandi Gari Lile

Mama aliumwa na nyoka asubuhi, akichimba mihogo nyuma ya nyumba yetu kule Rubongi. Baba mdogo, jirani yetu wa karibu kabisa, ndiye pekee aliyekuwa na gari, pikapu ya kubebea nyanya. Aliposikia kilio changu aliliwasha, akalileta hadi mlangoni.

Lakini alfajiri ile yeye na baba walikuwa wamegombana vibaya. Ng'ombe wake waliingia kwenye mtama wetu, maneno yakazidi, mwishowe akamwambia baba kwamba hajawahi kuwa mwanamume. Sasa baba alitoka akasimama kati ya mlango na gari.

"Mke wangu hapandi gari hilo," alisema.

Nilimsihi. Nilimwonyesha mguu, uvimbe ukipanda kuelekea goti. Baba mdogo aliomba radhi mbele ya majirani, akasema baba ampige baadaye akitaka, mradi mama apelekwe sasa. Baba alimpa kisogo. Akanituma barabarani nikatafute boda boda.

Ilichukua muda kuipata. Tulimketisha mama kati yangu na dereva, tukateleza kwenye matope njia nzima, na karibu na mji pikipiki ikazimika. Dereva aliipiga teke mpaka akachoka. Nilikaa kando ya barabara, kichwa cha mama mapajani mwangu, Mwamba wa Tororo, ule unaosimama juu ya mji, uko mbele yetu kabisa, na sikuweza kumbeba.

"Baba yako bado amekasirika?" aliniuliza.

Nilimwambia hapana. Sikujua.

Baba mdogo alikuwa ametufuata kwa mbali na pikapu yake, akiogopa kuonekana. Alimnyanyua mama, akampakia, akatufikisha hospitali.

Mama aliishi. Mguu ulikatwa chini ya goti. Baba, aliyefika baadaye, alimuuliza daktari kama tungewahi ingekuwaje, na daktari akajibu: "Pengine mguu ungepona."

Mtama ulichipua tena msimu uleule. Ndugu wale wawili walipatana, wanasalimiana, wanakula pamoja. Mwaka jana, tukimenya mihogo, baba aliniambia jambo ambalo sikumuuliza.

"Hasira ilikuwa imeniisha hata kabla hujarudi na ile boda," alisema. "Gari lilikuwa bado pale. Nilishindwa tu kumwita mdogo wangu, watu wote wananitazama."

Mama alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, na alikuwa ameacha kufagia.