Nyuma ya Jeneza la Baroni wa Sita

Mvua ilianza alfajiri, mvua ile nyembamba ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, isiyopiga kelele wala kukoma, na Lambert Thornlaw alikuwa amesimama uani katika suti yake nyeusi akimngoja mtu mmoja. Jeneza la baba yake lilikuwa ukumbini, limefunikwa bendera ya ukoo yenye kichwa cha nguruwe mwitu. Wabebaji, wote wapangaji wa mashamba ya Harthwaite, walikuwa wamekwisha kuvuta sigara zao zote. Kasisi alikuwa kanisani, ng'ambo ya malisho, na kengele ililia mpaka mpiga kengele akachoka. Lakini hakuna aliyethubutu kuondoka, kwa sababu Crispin, mdogo wake Lambert, alikuwa kwenye treni ya kutoka London, na treni ilikuwa imekwama njiani.

"Tuondoke," Lambert alisema. "Nitatangulia mimi."

Bwana Oldroyd, msimamizi wa mazishi, alimtazama kwa huruma ya kazini. "Haiwezekani, Bwana Lambert. Bila Lodi hatuondoki."

"Kwani Lodi si huyo uliyemfungia kwenye sanduku?" akauliza Seth Dinsdale, mchungaji wa kondoo wa shamba, aliyekua pamoja na Lambert.

"Huyo alikuwa Lodi. Lodi wa sasa yuko kwenye treni."

"Basi kama ni Lodi kweli, si aiamuru itembee?"

Wabebaji walicheka chinichini wakainamisha vichwa. Lambert hakucheka. Kilichomkera ni kwamba Oldroyd alikuwa anasema kweli. Mzee alipokata roho, jina la Lodi, yaani ubaroni wenyewe, halikungoja hata macho yafumbwe. Lilimruka Lambert, aliyekuwa ameushika mkono wa marehemu, likamfuata Crispin huko London alikokuwa amelala.

Desturi ya Harthwaite ilikuwa moja na haikuwa na mjadala. Baroni hupelekwa kanisani kwa miguu, na nyuma ya jeneza lake hutembea mrithi wa jina, peke yake. Nyuma ya mrithi ni mjane, kisha watoto wengine, kisha umma. Lambert ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza. Ndiye aliyemwogesha mzee, akamlisha uji kwa kijiko, akambeba kumpandisha ngazi magoti yalipokataa. Jina hakulitaka tena. Hamu hiyo alikwisha kuimeza zamani, ikamkaa tumboni. Alitaka mwendo ule tu, kutoka mlangoni hadi kaburini, awe yeye aliye karibu zaidi na baba yake, watu wakiona. Na hata huo alikuwa ananyimwa.

Na tafadhali usidhani jina lenyewe lilipatikana kwa utukufu. Baroni wa kwanza alikuwa muuza mabuti. Aliwauzia askari wa mfalme mabuti yaliyobanduka soli kwenye tope la vita, wanaume wakapigana pekupeku, na yeye akapewa ubaroni kwa huduma yake kwa taifa. Wa pili aliipoteza nusu ya utajiri kwenye karata. Wa tatu alijenga nyumba kubwa kuliko akili yake, kisha akaanguka kwenye farasi akimfukuza mbweha, na mbweha akaishi. Wa nne alisinzia katika Bunge la Malodi maisha yake yote, na hakuna aliyeona haja ya kumwamsha. Wa tano alizaa mabinti mfululizo, na kila akizaliwa binti mzee alifunga mapazia kama mtu aliyefiwa, maana binti habebi jina. Ndipo mwishoni akazaliwa mvulana, Aldous, baba yao Lambert na Crispin, Baroni wa sita. Umwinyi mtupu, na wanakijiji walijua, lakini Baroni akipita walivua kofia.

Lambert alikuwa na umri wa miaka minane alipojua kwamba yeye hahesabiwi. Ilikuwa sikukuu ya mavuno, watoto wa wapangaji wanacheza ghalani, na yeye akawaambia wampishe kwa sababu siku moja atakuwa Lodi wao. Seth, mdomo umejaa keki, akamjibu, "Wewe? Wewe umezaliwa kabla ya harusi. Lodi ni Crispin. Mama yangu amesema." Watoto wakamwita Lodi wa Kondoo mpaka jua likazama.

Ilikuwa kweli. Jina hushuka kwa mwana wa kiume aliyezaliwa ndani ya ndoa. Aliyezaliwa kabla, hata wazazi wakija kuoana na kupendana mpaka uzeeni, ataweza kurithi kiti, saa na ng'ombe, lakini si jina. Lambert alizaliwa majira ya kuchipua. Wazazi wake walifunga ndoa kiangazi cha mwaka ule ule. Crispin alifuata baadaye, mwenye haki zake zote.

Jioni ile alimwendea baba yake kwenye chumba cha vitabu akamuuliza kwa nini. Mzee alitazama dirishani, upande wa kanisa. "Paa la kanisa lilikuwa linavuja, Lambert," alisema. "Tuliambiwa tungoje mafundi wamalize ndipo tuoane." Hakuongeza neno. Kwa hiyo ndivyo mtoto alivyokua, akijua kwamba babaye alipopimiwa mwana na vigae, alichagua vigae. Hakumsamehe. Alibaki Harthwaite, akaendesha shamba, akazalisha kondoo kwenye theluji, akatengeneza kuta za mawe, akapanga nyumba ndogo kando ya zizi, yote kwa chuki ya utulivu ambayo watu waliita uaminifu. Hata mchumba alimkimbia, akisema hawezi kuolewa na mtu aliyekwisha kuoa kinyongo.

Sasa teksi ikaingia uani. Crispin alitoka mbio, tai imepinda, macho mekundu. Alikuwa muuza mvinyo, mtu mnene mwenye aibu, na kusema kweli hakuwahi kumkosea Lambert kwa lolote isipokuwa kuzaliwa kwa wakati.

"Kaka, nisamehe. Tumekaa ndani ya treni kama mizigo." Akamkumbatia Lambert. Kisha akatazama jeneza kupitia mlango wa ukumbi, akawatazama wabebaji. "Tangulia wewe."

"Nini?"

"Nyuma ya mzee. Tangulia wewe. Mimi nilikuwa nakuja Krismasi na chupa. Wewe ndiye uliyemuuguza."

Seth alivua kofia. Oldroyd alifungua mdomo kupinga. Lambert alihisi kifua chake kikilegea kwa mara ya kwanza tangu utoto, akapiga hatua kuelekea jenezani.

"Hapana," mama yao akasema.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na fimbo yake, kofia nyeusi kichwani, nyuma yake meza ya chai na nyama ya matanga. Lady Edith Thornlaw, binti wa muuza nyama wa sokoni, aliyeingia nyumba hii na kujifunza adabu zake kuliko waliozaliwa nazo. "Crispin anatangulia. Ndivyo ilivyo."

"Mama, nimempa mwenyewe," Crispin alisema.

"Nafasi hiyo si yako kuitoa. Lambert, njoo huku."

Alimvuta kwenye chumba cha mabuti, kati ya makoti ya mvua na fimbo za kutembelea, akafunga mlango. Hasira zilikuwa zimempanda Lambert.

"Baba aliniuza kwa vigae vya kanisa, Mama. Nikanyamaza. Leo hata kumsindikiza nanyimwa? Na wewe?"

"Hakukuuza."

"Aliniambia mwenyewe!"

"Alikudanganya." Mama aliketi kwenye sanduku la mabuti, polepole. "Baba yako alikuja dukani kwetu kunichukua. Nilikuwa na mimba yako, na alikuwa na gari nje. Alitaka twende mjini, ofisi ya serikali, dakika chache, tuandikishe ndoa, turudi. Akaniomba. Akapiga magoti palepale kwenye vumbi la mbao lililomwagwa sakafuni kunyonya damu, mbele ya baba yangu na mteja mmoja. Mimi ndiye niliyekataa."

Lambert akageuka kumtazama.

"Malady wote, wake wa mabaroni wa nyumba hii, walifunga ndoa katika kanisa lile, mwanangu. Wote. Mimi binti wa nyama niingie kwa mlango wa ofisi? Wangesema mpaka leo, yule aliyeokotwa. Nikamwambia, paa likiisha, nitaolewa kanisani, au sitaolewa. Nilidhani mafundi watawahi. Kisha ukawahi wewe."

"Na kwa nini akasema ni yeye?"

"Alisema mtoto akimchukia baba anaweza kukua. Akimchukia mama, atakwenda kulilia wapi?" Aliinuka kwa fimbo yake. Macho yalikuwa makavu. "Nimeulipia utaratibu huu kwa kukutoa wewe, Lambert. Nikiuacha uvunjwe leo kwenye mvua kwa sababu Crispin ana moyo laini, basi nilikutoa bure. Hilo siliwezi. Nichukie ukitaka. Umechelewa, lakini bado una haki."

Akafungua mlango, akatoka.

Wabebaji walilinyanyua jeneza. Crispin, Baroni wa saba, alimtafuta kaka yake kwa macho, akatikisiwa kichwa na mama, akachukua nafasi yake, amenyong'onyea kama mtu anayepelekwa kizuizini. Mama akamfuata. Lambert akawa wa tatu. Msafara ukapita lango, ukaingia kwenye njia ya malisho, na kondoo wakasogea pembeni wakitafuna.

Alitembea akitafuta hasira yake, ile aliyoilea miaka yote, lakini haikuwa na pa kutua. Kwa mama haikwenda. Mwanamke mzee anachechemea mbele yake kwenye tope, anakataa kushikwa mkono. Kwa Crispin ilikuwa upuuzi. Na yule aliyekuwa akiibeba hasira hiyo siku zote, bila kulalamika, alikuwa ndani ya sanduku. Lambert alimwogesha mtu yule kwa mikono safi na mdomo mkavu, bila neno la upendo. Tangu jioni ile ya vigae hakumwita Baba ana kwa ana hata siku moja. Alimwita Lodi, kama walivyomwita vibarua, makusudi, amchome. Na kila mara mzee aliitika, "Naam, Lambert," kwa sauti ile ile.

Asubuhi alitaka awe karibu na jeneza ili watu wamwone. Sasa hakujali nani anaona. Alikuwa na neno moja la kumwambia aliyelala mle kabla hajafikishwa kaburini, neno fupi ambalo mtoto yeyote analijua. Akaongeza mwendo, fimbo ya mama ikamzibia njia. Akanyoosha shingo, akaona mgongo mpana wa Crispin, umelowa, unatikisika kwa kilio. Jeneza lenyewe hakuliona. Kati yake na baba yake walikuwapo watu wawili, na wote wawili walikuwa na haki ya kuwa pale.