Mwezi Mkono Wangu Ulipofunga

Ipo siku naikumbuka kila nikikuona, mwanangu, ukiinamia meza ya snuka kisha ukainuka mbio kutazama kama mpira umeingia mfukoni. Nami nilikuwa hivyo hivyo, Bagamoyo, miaka michache baada ya Uhuru, wakati ile klabu ya maofisa wa kikoloni ilipofunguliwa kwa kila mtu. Nilipiga kwa nguvu, na nilipenda mno kushangiliwa.

Mjomba wangu Sefu alikuwa na fimbo yake mwenyewe ya kuchezea, nyembamba, akiitunza kwenye sanduku. Macho yake yalianza kuchoka, akatuambia kwamba Idi ikifika ataitoa, ama kwangu, ama kwa rafiki yangu Rajabu. Niliitaka fimbo ile mpaka nikawa naiota. Na Rajabu, niseme haki, alikuwa akinishinda mara nyingi.

Mwezi wa Ramadhani ukaandama, klabu ikafungwa. Nilikwenda kwa Mjomba nimenuna, nikalalamika kwamba mwezi mzima bila meza utaniulia mchezo wangu.

"Basi mwaka huu na mkono wako ufunge," akasema. "Usiguse mpira mpaka Idi."

Akalaza chupa tupu ya soda juu ya meza ya chakula, akanipa fimbo kuukuu ya klabu, akaniagiza niipeleke ncha ndani ya mdomo wa chupa na kuirudisha, taratibu, bila kugusa kioo. Kiwiko kisiyumbe, kichwa kisiinuke. Ikawa ndiyo kazi yangu kila siku baada ya alasiri. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa uani akikaanga kaimati za futari, na kila kioo kilipolia aliitikia, "Karibu!" kana kwamba mgeni amebisha hodi. Siku za mwanzo alikaribisha wageni mpaka sauti ikamkauka. Nilikasirika, nikacheka, nikarudia. Mwezi ulipokaribia kuisha alikuja mlangoni na mwiko mkononi kutazama kama nimetoroka, maana nyumba ilikuwa kimya. Aliponikuta bado nimeinama, akaniombea dua. Nilimpenda sana yule mama.

Idi pili tukaenda klabu, Mjomba akatupangia mipira, kila mmoja apige mara moja. Rajabu alitangulia. Aliinuka kabla mpira haujafika, lakini ukaingia, watu wakapiga makofi. Kisha nikainama mimi. Wangu uligonga ukingo wa mfuko, ukabaki nje. Niliusikia ukigonga nami bado nimeinama, nikajua fimbo imenipita.

Mjomba akaja akaliweka sanduku mbele yangu.

"Haukuingia, Mjomba," nikamwambia.

"Nimeona. Lakini mimi nilikuwa nautazama mkono. Mkono huu sasa utakusaidia hata siku ambayo mimi sipo."

Rajabu, Mungu amrehemu, alikuwa wa kwanza kunikumbatia, na papo hapo akaniuliza iko wapi ile chupa aliyosikia habari zake.

Basi mwanangu, ufunze mkono kwanza, polepole, mahali pasipo na wa kukushangilia. Baki umeinama mpaka fimbo imalize safari yake. Mpira ukikataa kuingia leo, usidhani jasho lako limepotea. Na anayekutania kila unapokosea, usimnunie, huyo ndiye anayekusikiliza. Mungu akupe afya na subira, akunyooshee mkono na moyo, na akujaalie uzee wenye vijana wa kuwasumbua, kama ninavyokusumbua mimi.